Kuvaa Uhusika wa Mwovu: Lugha na Uchaguzi wa Kimaadili katika Michezo ya Video, kwa Mfano wa Mnyapara wa Sekenke

Ikisiri

Makala haya yanajadili suala la kimaadili linalotokana na michezo ya video ambayo ndani yake mchezaji huvaa uhusika na kupewa uhuru wa kutenda mema au maovu. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina msamiati unaotenganisha hali ambazo huchanganywa mara kwa mara katika mjadala huu, yaani kuiga, kujifanya, kuigiza, kuvaa uhusika na kupandwa. Kwa kutumia msamiati huo, na kwa kubuni mchezo mmoja unaohusu machimbo ya dhahabu ya Sekenke mkoani Singida, makala yanaonyesha kwamba uzito wa kimaadili wa kuigiza uovu hautokani na tendo linaloigizwa peke yake. Unategemea pia kama mtendewa amepewa sauti, na kama mchezaji amewekewa njia ya kuuvua uhusika aliouvaa.

1.0 Utangulizi

Kuna methali mbili za Kiswahili zinazoweza kutumika kuhusu mtoto na hatari. Ya kwanza husema kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha. Ya pili husema kuwa mtoto akililia wembe, mpe. Ya kwanza inaonya kwamba jambo lililoanza kwa mchezo huweza kuishia katika madhara. Ya pili inashauri mtoto aachwe aguse, akatike kidogo, ajue. Mzazi anayemkuta kijana wake mbele ya runinga akibonyeza vitufe na kuchoma moto kijiji cha kubuni, amesimama katikati ya methali hizo mbili. Kila moja ina hekima yake, na hakuna inayomwambia achukue hatua gani.

Michezo inayohusika hapa ni ile ambayo mchezaji huchagua mhusika, humpa jina na sifa, kisha huamua atakavyosema na kutenda katika masimulizi yanayobadilika kulingana na uamuzi huo. Tutaiita michezo ya kuvaa uhusika, kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu ya pili. Mingi kati yake humruhusu mchezaji kuwa mwovu: kusaliti rafiki, kumnyang'anya maskini, kumuua asiye na hatia. Swali la makala haya si kama michezo hiyo huwafanya vijana kuwa wakatili. Hilo ni la wanasaikolojia, nao wana mbinu zao za kulichunguza. Tunauliza jambo linalotangulia hilo: mtu anapotenda uovu ndani ya mchezo, hasa amefanya nini? Lugha yetu inalitajaje tendo hilo?

Ili mjadala usielee hewani, tutatumia mfano wa mahali panapojulikana, yaani Sekenke, wilayani Iramba. Mchezo utakaoelezwa katika sehemu ya tano haujatengenezwa. Tumeubuni kwa ajili ya hoja. Mahali penyewe na historia yake ni vya kweli, na ndiyo maana mfano huu una uzito kuliko mfano wa majoka na wachawi wa nchi zisizokuwapo.

2.0 Msamiati wa maigizo

Hofu ya kwamba anayeigiza mwovu ataishia kuwa mwovu ni ya kale. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anataka walinzi wa dola wasiigize watu duni na waovu, kwa kuwa maigo yanayoanzia utotoni na kuendelea hugeuka tabia, yakakaa katika mwili, katika sauti na katika fikra. Aristotle, mwanafunzi wake, aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. Kwake, binadamu huiga tangu utoto na kwa njia hiyo hujifunza. Tena hupendezwa kutazama sura ya kitu ambacho kingemchukiza kama angekutana nacho chenyewe. Wanafalsafa hao wawili walijadiliana kwa kutumia istilahi moja. Msemaji wa Kiswahili analazimika kuchagua miongoni mwa istilahi kadhaa, na uchaguzi huo unamsaidia kufikiri.

Tuanze na kitenzi iga. Mtoto huiga matusi ya jirani, na kijana huiga mwendo wa mwanamuziki ampendaye. Kuiga hakuhitaji mtazamaji wala nia. Kitenzi igiza kimenyambuliwa kutokana na iga kwa kiambishi -iz-, ambacho kwa umbo ni cha kauli ya kutendesha. Hata hivyo, maana iliyozoeleka si kumfanya mwingine aige, bali kuyatoa maigo mbele ya mtu anayejua kwamba ni maigo. Tofauti hiyo inaonekana tukilinganisha sentensi mbili:

(1) Anaiga sauti ya baba yake bila kujijua.
(2) ?Anaigiza sauti ya baba yake bila kujijua.

Sentensi (1) haina tatizo. Sentensi (2) inamkwaza msikilizaji, kwa sababu kuigiza kunadai kujijua. Hofu ya Plato, kwa hiyo, ni hofu ya kuiga: kwamba kilichoanza kama maigizo kitapoteza kujijua na kurudi kuwa maigo.

Kitenzi kujifanya kina kiambishi cha kujirejea -ji-, nacho hudokeza udanganyifu. Anayejifanya daktari anataka tuamini kwamba ni daktari. Anayeigiza daktari anataka tujue kwamba siye. Wa kwanza anaweza kushtakiwa. Wa pili anaweza kupigiwa makofi. Ni muhimu kusisitiza kwamba mchezaji wa mchezo wa video hajifanyi mwovu. Hakuna anayedanganywa naye.

Wahakiki na watazamaji wa filamu za Tanzania wana usemi mwingine unaofaa sana, nao ni kuvaa uhusika. Husemwa kwamba msanii fulani 'ameuvaa uhusika' pale anapoigiza kwa ukamilifu. Usemi huu unauchukulia uhusika kama vazi. Vazi hukaa juu ya mwili bila kuwa mwili, humfanya mvaaji atembee na kusimama kwa namna fulani, na zaidi ya yote huvuliwa. Kitenzi vaa kina kinyume chake kilicho wazi, yaani vua. Vitenzi iga na jifanya havina kinyume cha namna hiyo. Kwa sababu hii tumeuchagua usemi huu uwe msingi wa istilahi yetu.

Hatimaye kuna kupandwa. Katika mila za uganga za pwani, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo ndiye mwenye kusema, na maneno yake hayahesabiwi kuwa ya kiti. Mchezaji anayejitetea kwa kusema 'si mimi, ni mhusika' anaomba, bila kujua, haki ya kiti. Haki hiyo hastahili kuipata yote. Kiti hachagui pepo, wala hachagui pepo atakachosema. Mchezaji alimchagua mhusika, na kila hatua huchagua tena.

3.0 Nafsi ya mchezaji

Anayesikiliza mazungumzo ya vijana wakicheza atasikia sentensi za aina ifuatayo:

(3) Nimekufa.
(4) Nimekuua!
(5) Mtu wangu kamuua mzee wa kijiji.
(6) Nimemuua mzee wa kijiji.

Sentensi (3), kwa maana yake ya msingi, haiwezi kusemwa kwa ukweli na mtu yeyote nje ya mchezo. Hali timilifu -me- pamoja na nafsi ya kwanza zinakataa kukutana na kitenzi kufa. Ndani ya mchezo sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa, na hakuna anayeshtuka. Hapo tunapata ushahidi wa kisarufi kwamba kiambishi ni- cha mchezaji si ni- cha kila siku. Kinarejelea nafsi iliyovaliwa.

Watoto wadogo hufanya hivyo waziwazi zaidi. Kabla ya mchezo wa polisi na wezi huwekeana masharti kwa maneno kama tuseme, tufanye na eti: 'Eti wewe ni mwizi, mimi polisi.' Neno eti, ambalo katika mazungumzo ya watu wazima huonyesha kwamba msemaji hajithibitishii anachokisema, hapa hufungua mlango wa ulimwengu mwingine. Mchezo ukiisha, aliyekuwa mwizi haombwi kurudisha chochote. Fanani wa ngano naye hufungua mlango huo kwa mwito unaojibiwa na hadhira, huzungumza kwa sauti nzito ya zimwi linalotaka kula watoto, kisha huufunga kwa kutangaza kwamba hadithi imeishia hapo. Hadhira haikuwahi kumdhania kuwa zimwi.

Sentensi (5) na (6) zinaeleza tukio lilelile, lakini si sawa. Katika (5) msemaji amemweka mhusika mbali naye kwa nafsi ya tatu. Katika (6) amelipokea tendo. Mchezaji mmoja anaweza kutumia zote mbili katika muda wa dakika chache, akisema 'nimemwokoa' anapotenda wema na 'kamuua' anapotenda uovu. Kubadili nafsi kwa namna hiyo ni dalili kwamba dhamiri inafanya kazi. Anayesema 'nimemuua' bila kusita hata kidogo huenda ameelewa vizuri kwamba ni mchezo. Au huenda aliyeuawa hakuwa na uso wowote kwake. Sarufi peke yake haiwezi kutuamulia ni lipi kati ya hayo mawili. Lazima tuutazame mchezo wenyewe.

Kabla ya kufanya hivyo, tutofautishe mchezaji na mwigizaji wa jukwaani. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kila inapoigizwa, kijana fulani hana budi kuvaa uhusika wa askari wa Wajerumani. Hatujasikia kijana huyo akilaumiwa kwa kuwaonea watu wa mwambao wa Rufiji. Bila yeye tamthilia haisimami. Lakini kijana huyo hakuyachagua maneno yake. Mwandishi aliyapanga, na mwigizaji hawezi kusema 'ningelimwacha'. Mchezaji wa mchezo wa video anaweza. Hali ya -ngeli- ni mali yake, kwa sababu njia nyingine ilikuwapo mbele yake naye hakuipita. Hapa ndipo linapoanza jukumu lake, na hapa ndipo mfano wa jukwaa unapoacha kutosha.

4.0 Mizani ya wema na ubaya

Michezo ya kuvaa uhusika ya siku hizi ina asili yake katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ndani yake kila mhusika alipewa mwelekeo, na kufikia mwaka 1978 mielekeo hiyo ilikuwa tisa, iliyopangwa kwa wema na ubaya upande mmoja, na kwa kushika sheria au kuivunja upande wa pili. Mchezaji aliandika mwelekeo huo kwenye karatasi kabla hajatenda lolote.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Jina limekwisha kutoa hukumu. Matendo yanakuja kuithibitisha. Katika vibanda vya kuonyeshea video, ambako watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walizifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao, watazamaji walizoea mgawanyo wa namna hiyohiyo: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi, na adui lazima afe. Mchezo unaomruhusu mchezaji kuwa mwovu unavuruga mgawanyo huo, kwa kuwa steringi ndiye adui, na bado hafi.

Wasanifu wa michezo wamelishughulikia tatizo hilo kwa njia mbalimbali. Katika Ultima IV ya mwaka 1985, Richard Garriott alimtaka mchezaji atimize fadhila nane. Kumdhulumu muuza duka kipofu kulihesabiwa, hata kama mchezaji hakuona dalili yoyote papo hapo. Katika Fable ya mwaka 2004, mhusika mwovu huota pembe kichwani, kiasi kwamba uovu unasomeka kwenye sura kama unavyosomeka katika jina la Hasidi. Katika Mass Effect, iliyoanza kutolewa mwaka 2007, matendo huongeza alama katika mizani miwili. Mwaka 2020 mmoja wa watu waliokuwa wameshiriki kuutengeneza mchezo huo alieleza hadharani kwamba asilimia 92 hivi ya wachezaji walifuata njia ya wema, ingawa njia nyingine ilikuwa imefanyiwa kazi kubwa.

Taarifa hiyo inapaswa kumpunguzia mzazi hofu, lakini isimfanye aridhike haraka. Huenda wachezaji wanapendelea wema. Huenda pia wanapendelea kile ambacho mchezo umekwisha kukiita wema. Mizani inayoonyesha alama mara tu baada ya tendo humwondolea mchezaji kazi ya kufikiri: hajiulizi tendo hili ni jema au baya, bali linalipa alama ngapi. Miguel Sicart, katika kitabu chake kuhusu maadili ya michezo ya kompyuta kilichotoka mwaka 2009, anamtazama mchezaji kama mtu mwenye uwezo wa kufikiri kimaadili, si kama chombo kinachojazwa. Mizani ya alama haimheshimu mtu huyo. Hata anayechagua wema kwa ajili ya alama amefanya biashara tu.

Kuna michezo iliyoiacha njia hiyo. Undertale ya Toby Fox, iliyotolewa mwaka 2015, inatumia vifupisho ambavyo wachezaji wa michezo mingine wamezoea kuvisoma kama kipimo cha uzoefu na daraja. Mwishoni mchezaji anafahamishwa kwamba katika ulimwengu huu vifupisho hivyo vilikuwa kipimo cha mauaji na ukatili wake. Tena, aliyeua kila kiumbe, akianza upya na kutafuta mwisho mwema, hukuta kwamba mchezo haujasahau. Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013, humweka mchezaji katika kibanda cha mkaguzi wa pasipoti mpakani. Hana upanga wala bunduki ya kutamba nayo. Ana mhuri, familia yenye njaa, na mstari wa watu wanaomsihi. Hakuna mizani ya wema inayoonyeshwa. Kuna mshahara, na kuna sura za watu.

Mfano huu wa mwisho unatusogeza karibu na Sekenke, kwa kuwa mkaguzi wa pasipoti na mnyapara wa kikoloni wana nafasi inayofanana: wote wawili si watawala, na wote wawili ni mkono wa mtawala.

5.0 Mnyapara wa Sekenke

Sekenke ipo pale ambapo barabara itokayo Singida kwenda Nzega huteremka kwa kona kali kuelekea Shelui na uwanda wa Wembere. Madereva wanaujua mlima huo kwa ajali. Wachimbaji wadogo wanaijua ardhi yake kwa dhahabu. Wajerumani walianza kuichimba dhahabu hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, koloni likiwa limefungiwa njia ya bahari na fedha zikiwa adimu, walifua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga, kwa kutumia dhahabu ya Sekenke. Zilifuliwa sarafu zipatazo 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushei. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazijua vizuri na kuzinunua kwa bei kubwa.

Katika koloni zima, watu walisukumwa kwenye kazi za ujira kwa kodi ya nyumba, iliyoamriwa mwaka 1897, na wakasimamiwa kwa kiboko. Adhabu ya viboko ishirini na vitano iliacha katika Kiswahili usemi hamsa ishirini. Neno mnyapara, lililokuwa likitumika katika misafara ya karne ya 19 kwa kiongozi wa wapagazi, likaja kumhusu msimamizi wa vibarua; leo bado linasikika magerezani kwa mfungwa anayewasimamia wenzake.

Tubuni basi mchezo. Mwaka ni 1915. Mchezaji amevaa uhusika wa mnyapara kijana mwenye watu ishirini chini yake, naye kila jioni hupeleka mawe yenye dhahabu kwa bwana mkubwa. Mzee mmoja katika kundi lake, mwenye umri wa baba yake, ameficha kijipande cha dhahabu kwa ajili ya kodi ya nyumba yake. Mnyapara amekiona. Anaweza kunyamaza, anaweza kudai nusu, anaweza kuripoti, au anaweza kumchapa mzee yule mbele ya wenzake ili wote wajifunze. Naye ana kodi yake ya kulipa, na upungufu ukigunduliwa, mgongo utakaochapwa huenda ukawa wake.

Tunaweza kuusanifu mchezo huu kwa mizani. Kuripoti kutaondoa alama kumi za wema na kuleta rupia mbili. Kunyamaza kutaongeza alama kumi. Baada ya saa moja, mchezaji atakuwa ameyageuza mateso ya mababu kuwa hesabu ya duka. Mtu wa Iramba anayeutazama mchezo huo atakuwa na haki ya kuona kwamba wazee wake wamefanyiwa mzaha, na methali ya kwanza itakuwa imesema kweli.

Tunaweza pia kuusanifu kwa lugha. Kiswahili kinatupatia nyenzo ambayo wasanifu wa Marekani hawana. Asubuhi mnyapara anapofika machimboni, anamkuta mzee yule. Nani amwamkie mwenzake? Kwa umri, kijana ndiye mwenye wajibu wa kusema shikamoo. Kwa cheo, anatarajia aamkiwe. Tunajua kwamba mchezo utaandikwa kwa Kiswahili cha wachezaji wa leo, si kwa lugha iliyosikika machimboni mwaka 1915, lakini hicho ndicho tunachokihitaji, kwa kuwa dhamiri inayopimwa ni ya mchezaji wa leo. Mbele yake kuna vitufe vitatu: kuamkia, kunyamaza, au kusubiri aamkiwe. Hakuna alama yoyote. Mchezaji aliyesubiri aamkiwe, kisha akaisikia shikamoo kutoka kinywani mwa mzee na kuitikia marahaba, amekwisha kufanya uchaguzi kabla ya kiboko kuinuliwa. Naye atajua, kwa kuwa hakuna Mswahili asiyejua uzito wa salamu iliyogeuzwa.

Baadaye, dhahabu itakapoonekana, mzee ataongea. Anaweza kumwita mnyapara 'bwana', au 'mwanangu', kulingana na salamu ya asubuhi. Neno litakalotumika litamrudishia mchezaji tendo lake bila mahubiri. Hiki ndicho tunachokiita kumpa mtendewa sauti: kumfanya awe mtu anayeweza kumjibu mchezaji, na kumwita kwa jina analostahili.

Nyenzo ya pili ya lugha ni kauli za kitenzi. Muda wote mchezaji amekuwa katika kauli ya kutenda: nimeamuru, nimechapa, nimeripoti. Siku ikiisha, mchezo hauonyeshi orodha ya ushindi. Unamvua uhusika wa mnyapara na kumvika uhusika wa mzee, kisha asubuhi ileile inaanza tena. Sasa mnyapara anatenda kama mchezaji mwenyewe alivyotenda, na mchezaji yumo katika kauli ya kutendwa: nimeamriwa, nimechapwa, nimeripotiwa. Aliyenyamaza jana atasalimika leo. Aliyechapa atajichapa.

Mbinu ya kumfunulia mchezaji mwishoni maana ya alichokuwa akikifanya si ngeni. Brenda Romero aliitumia katika Train ya mwaka 2009, mchezo wa mezani ambao wachezaji hupakia abiria katika mabehewa kwa bidii, kisha hugundua kwamba mwisho wa safari ni Auschwitz. Tofauti ni kwamba mchezaji wa Train hakujua. Mnyapara wetu alijua tangu mwanzo. Ujuzi huo ndio unaoufanya uchaguzi wake kuwa wa kimaadili.

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba mchezo wa namna hii utakuwa somo la uraia lililovikwa rangi, na kwamba hakuna atakayechagua uovu. Pingamizi hili ni zito. Uovu usiovutia hauwezi kuchaguliwa, na uchaguzi usio na mvuto upande wa pili si uchaguzi. Ndiyo maana mnyapara lazima awe na kodi, na hofu, na mtu anayemtegemea. Ubaya wa pembe kichwani ni rahisi kuukataa. Ubaya wenye sababu nzuri ndio tunaokutana nao ofisini, njiani na nyumbani.

Pingamizi la pili ni kwamba mateso ya kweli yasichezewe kabisa. Kwa wanaoshikilia hivyo, tunarejea kwenye Kinjeketile. Jamii iliyokubali vijana wake wavae uhusika wa askari wa Wajerumani jukwaani imekwisha kukubali kwamba uovu wa kihistoria waweza kuigizwa kwa heshima. Kinachodaiwa kwa mchezo wa video ni masharti yaleyale, na moja la nyongeza: kwa kuwa mchezaji ana uhuru ambao mwigizaji hana, adaiwe pia hesabu ambayo mwigizaji hadaiwi.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la kuigiza uovu haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana kabla ya kuuliza ni aina gani ya maigizo. Mchezaji anayeiga, asiyejijua, anastahili hofu ya Plato. Mchezaji anayedai kuwa amepandwa anajipunguzia jukumu lisilopunguzika. Mchezaji aliyevaa uhusika kwa kujua, mbele ya mtendewa mwenye sauti, na akaweza kuuvua na kuutazama, anafanya kile ambacho fanani na hadhira yake wamekuwa wakikifanya kwa muda mrefu.

Kuna mambo matatu yanayofuata. Kwanza, tunapendekeza istilahi kuvaa uhusika itumike katika maandishi ya kitaaluma kuhusu michezo hii, kwa kuwa inabeba ndani yake wazo la kuvua. Pili, wanaokusudia kutunga michezo kwa Kiswahili wasitafsiri tu vitufe na mizani ya wenzao. Mfumo wetu wa salamu, wa majina ya udugu na wa kauli za kitenzi ni hazina ya uchaguzi wa kimaadili inayosubiri kutumiwa. Tatu, mzazi au mwalimu anayemkuta kijana akicheza uovu asianze kwa kuzima runinga. Aulize aliyetendewa ni nani, alisema nini kabla hajafa, na kama kulikuwa na njia nyingine. Kijana akijibu kwa -ngeli-, akasema 'ningelimwacha, lakini…', mzazi aketi amsikilize hilo lakini mpaka mwisho. Akishindwa hata kukumbuka kwamba kulikuwa na mtu, basi ndipo ulipo wakati wa kuchukua wembe.